EURO ZILIZOFUNGIWA LIMASSOL
Sehemu ya Tisa: Sahihi ya Myrofora

Wiki iliyopita tulimwacha Myrofora amesimama peke yake ndani ya tawi lililofungwa. Mkononi alishika karatasi yenye sahihi yake ambayo hakuitia yeye, na kitasa cha mlango wa nyuma kilikuwa kikizunguka polepole.

Kiliendelea kuzunguka.

Kama gazeti la wiki jana lilikupita, shika haya tu. Ni Alhamisi asubuhi, mwezi Machi mwaka 2013. Benki zote za Kupro zimefungwa kwa amri, na leo ni siku ya sita. Myrofora, naibu meneja wa Benki ya Arodes hapa Limassol, ameingia kwa kibali kujaza ATM, maana foleni huko nje imezunguka kona mpaka kwa muuza maua. Juu ya meza yake akakuta fomu ya kuhamisha euro milioni nne na laki mbili kwenda nchi ya nje. Mwenye pesa ni kampuni asiyoijua. Tarehe ni ya Ijumaa, siku moja kabla ya kufungwa. Chini kuna jina lake na sahihi yake, mpaka ule mkia wa herufi ya mwisho ambao mwalimu wake wa darasa la tatu alishindwa kumwachisha.

Ufunguo wa mlango wa nyuma wanao watu wawili tu hapo tawini. Mmoja ni yeye. Mwingine ni Pambos mlinzi, na Pambos alikuwa mbele, kwenye foleni, akiwaomba watu wasigonge kioo.

Mlango ukafunguka.

"Kumera," sauti ikasema. "Mbona umesimama kama umeona jini?"

Alikuwa Loukis Zavros, meneja wa kanda nzima. Ndiye aliyeshika mataji juu ya vichwa vya Myrofora na mumewe siku ya harusi yao, miaka kumi na miwili nyuma. Tangu siku hiyo yeye ni kumbaro, naye Myrofora ni kumera, na kwa watu wa Kupro huo ni udugu usiovunjika. Mkono mmoja alibeba vikombe viwili vya kahawa, mkono mwingine mfuko wa mikate ya ufuta, maana Kwaresima ilikuwa imeanza Jumatatu.

Myrofora alitaka kucheka kwa nafuu. Kicheko hakikutoka.

"Kumbaro, umepitaje?"

"Makao makuu wana funguo za matawi yote. Kunywa kahawa, haina sukari, kama unavyopenda." Akaweka kikombe mezani. Macho yake yakatua kwenye karatasi, yakatulia hapo. "Aa. Umeiona."

Si "nini hiyo". Si "nani kaandika". Umeiona.

Myrofora akaigonga karatasi kwa kidole.

"Hii sahihi si yangu."

"Ni yako. Mimi nimekusaidia kuiandika tu."

"Loukis."

"Kaa chini kwanza."

"Sikai."

Loukis akavuta kiti, akakaa yeye. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na tano, mwenye nywele zilizopangwa vizuri na shati lisilo na mkunjo hata wiki ile, wiki ambayo nchi nzima ilikuwa inatembea na nguo za jana. Akamega mkate.

"Umesikia redio?"

"Nimesikia. Benki Kuu ya Ulaya, kule Frankfurt, wametupa mpaka Jumatatu."

"Mpaka Jumatatu. Baada ya hapo wanakata bomba. Hakuna tena pesa ya kutushikilia. Na unajua Arodes tunaishi kwa bomba hilo tangu mwaka juzi." Alitafuna taratibu. "Zamani tulikuwa na pauni yetu. Benki ikiyumba, gavana anachapa, bei zinapanda kidogo, watu wanatukana serikali, maisha yanaendelea. Leo gavana ana jengo, ana bendera, ana dereva. Mashine ya kuchapa iko Ujerumani. Walitupa hela moja sote, halafu kila nchi wakaiachia mzigo wa benki zake."

"Sisi wenyewe tulinunua hati za deni za serikali ya Athens."

"Tulinunua kwa sababu vitabu vilisema hazina hatari. Euro ile ile, serikali ndugu, faida nzuri. Athens wakakatiwa deni lao, na sisi tuliowakopesha tukakatwa nao. Nani alijua? Wewe ulijua?"

Hakujua. Alikuwa amekaa kwenye semina Nicosia, chumba chenye viyoyozi, akiandika kwenye daftari maneno "salama kama fedha taslimu". Kisha akarudi Limassol akawaambia wateja wake hivyo hivyo, mmoja mmoja, akiwatazama machoni.

Kioo cha mbele kikagongwa. Sauti ya Pambos ikapita kwenye kipaza sauti cha mlangoni, ya mtu anayejizuia asitetemeke. "Mama Myro, mashine imeisha. Wameanza kusukumana."

"Nakuja," alisema.

"Nenda," Loukis akamwambia. "Wape. Euro mia mbili na sitini kila mmoja, ndiyo uhuru waliobaki nao. Mimi nipo."

Alikwenda. Chumba cha nyuma ya ATM ni chembamba kama kabati, na kuna tundu dogo la kioo la kutazamia nje. Akapachika masanduku ya noti, moja baada ya jingine. Alitazama tundu.

Nje aliona nyuso anazozijua. Kostakis mwoka mikate, ambaye tangu jana wauza unga hawataki kadi wala hundi yake, wanataka noti. Mjane wa mtaa wa Ayios Ioannis aliyekuja na kiti chake cha kukunja. Kijana mmoja alikuwa amebandika paji la uso kwenye kioo, amefumba macho, kama anasali.

Na nyuma ya mjane, na kofia yake ya kijivu, alisimama baba yake.

Mzee Hambis ana miaka sabini na tisa, na daktari alimkataza hata kupanda ngazi. Alikuwa ameshika daftari lake la benki kifuani kwa mikono miwili.

Msomaji, huyu mzee lazima umjue. Mwaka 1974 alikuwa na bustani ya machungwa Morphou. Jeshi la Uturuki lilipoingia alitoka na mke, mtoto wa miezi minne na ufunguo wa nyumba ambayo hajaiona tena. Mtoto yule ni Myrofora. Akaanza upya Fasouri, karibu na Limassol, kibarua kwanza, kisha ekari moja, kisha sita, kila mti akiupanda kwa mkono wake. Miaka miwili iliyopita magoti yakakataa kazi, akauza. Euro laki mbili na elfu themanini na saba. Alitaka kuziweka nusu kwa mpwa wake Uingereza. Binti yake akamwambia, baba, kuna haja gani, euro ni euro, ya Limassol na ya Berlin ni moja, niachie mimi.

Akamwachia yeye.

"Pambos," Myrofora akasema kwenye kipaza sauti, "yule mzee wa kofia ni baba yangu. Mpitishe mlango wa pembeni. Mwambie namwita akae."

Ndivyo alivyomwingiza mzee kwenye mtego kwa mkono wake mwenyewe. Lakini hilo hakulijua bado.

* * *

Aliporudi ofisini, Loukis alikuwa amekwisha simama, amemshika mzee kiwiko, anamkalisha kwa adabu zote.

"Baba yetu, Mungu akuweke. Mwenye nguvu kuliko sisi vijana."

"Nguvu zipi, mwanangu. Nimesimama tangu saa kumi na mbili." Mzee Hambis akavua kofia. Midomo ilikuwa imemkauka. "Myro, wanasema huko nje benki hii haitafunguliwa tena. Ni kweli?"

"Baba, kunywa maji kwanza."

"Nimeuliza."

Myrofora akamimina maji, akachelewesha. Loukis ndiye aliyejibu.

"Nitakwambia mimi, kwa sababu wewe ni mtu mzima na umeyaona makubwa kuliko haya. Jumanne Bunge lilikataa kukata akiba za watu wote. Vizuri. Sasa mpango mpya ni huu. Mwenye chini ya laki moja hataguswa. Mwenye zaidi ya laki, kile cha juu kinakwenda kuziba shimo. Kwa benki kama yetu, kinakwenda chote."

Huko mbele mashine ilikuwa ikihesabu noti, trrr, trrr, kila baada ya dakika moja.

"Chote," mzee akarudia.

"Laki moja na elfu themanini na saba zako."

"Lakini mimi sikukopa. Sikununua hati za mtu. Mimi niliuza machungwa."

"Najua, baba."

Mzee akamgeukia binti yake. Ingekuwa nafuu angemtukana.

Hapo ndipo Loukis alipofungua mkoba wake, akatoa karatasi ya pili na kuiweka juu ya ile ya kwanza, akizisawazisha pembe kama mtu anayepanga karata.

Fomu ya kuhamisha fedha. Mwenye akaunti: Hambis Savva. Kiasi: chote.

"Mlango wa mbele umefungwa," Loukis alisema kwa sauti ya chini. "Lakini tawi letu la ng'ambo liko wazi. Amri ya Nicosia haifiki kule. Kinachopita kule leo, Jumatatu hakitaguswa. Wenye akili wamepita tangu Jumamosi. Mimi nimemwekea baba nafasi, kwa sababu ya yale mataji. Kumera, nahitaji kadi yako tu. Mtu mmoja anaingiza, wa pili anaidhinisha. Ndiyo sheria ya mashine. Ile kubwa na hii ya baba, zinakwenda pamoja."

"Na nikikataa?"

"Ukikataa, ile kubwa nitaipitisha tawi jingine. Ya baba itabaki hapa."

Myrofora akaitazama kamera ndogo iliyokaa pembeni ya dari. Taa yake nyekundu ilikuwa inawaka. Akatazama mlango. Watu elfu mbili wana akaunti kwenye tawi lile, na wengi wao aliwafungulia yeye. Alihesabu kwa haraka ni wangapi kati yao wangeweza kuketi pale alipoketi baba yake, wakapewa maji na fomu. Hakupata hata mmoja.

"Hapana," akasema. Sauti yake ilitoka ndogo. "Huu ni wizi, Loukis. Kila kinachotoka huku kinazidisha shimo. Kostakis atalipa. Yule mjane..."

"Yule mjane ana elfu kumi na mbili. Hataguswa."

"Kostakis ana laki tatu. Mishahara ya watu tisa."

"Kostakis si baba yako."

Alitegemea baba yake angesema neno. Mzee Hambis alikuwa mtu wa kurudisha chenji ya ziada dukani, mtu aliyewahi kumtandika binti yake kwa kuchuma limau la jirani. Alimgeukia akiwa na hakika.

Mzee alikuwa ameshaichukua kalamu.

"Baba."

"Naandika wapi?" Mzee Hambis akauliza.

"Hapa chini," Loukis akaonyesha.

"Baba, subiri. Hujui hii ni nini."

"Najua vizuri." Kalamu ilikuwa ikitembea tayari. "Mwaka ule wa vita jirani yangu aliniambia, Hambis, pakia trekta sasa hivi, usingoje redio. Mimi nikasema nitangoja, serikali itatuambia. Yeye alitoka na trekta, kondoo na cherehani ya mkewe. Mimi nilitoka na wewe umelala juu ya mto wa kitandani. Sikuwahi kukwambia jinsi mama yako alivyonitazama njia nzima."

"Hiyo ilikuwa vita."

"Na hii ni nini? Watu wa mbali wamekaa mezani, kesho vitu vyangu si vyangu. Nipe tofauti, wewe uliyesoma."

Myrofora akainamisha macho kwenye beji yake.

"Wewe ndiye uliyeniambia euro ni euro," mzee akasema. Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililomchoma zaidi. "Nilikuamini kwa sababu unavaa hiyo beji. Sasa nakuomba. Sijawahi kukuomba kitu maishani, Myro. Weka hiyo kadi."

Loukis akaichukua fomu ya mzee iliyotiwa sahihi, akaipuliza wino ukauke, akaikunja mara moja, akaitia ndani ya mkoba.

Na Myrofora, ambaye kwa miaka kumi na sita hakuwahi kuchukua hata kalamu ya benki kwenda nayo nyumbani, akakaa mbele ya kompyuta, akaitoa kadi shingoni, akaitumbukiza.

Taa ikageuka kijani.

* * *

"Safi," Loukis alisema. Akatazama simu yake. "Nicosia wananipigia. Naipokea nje, humu mtandao mbaya. Endelea kufungua, narudi."

Mlango wa nyuma ukajifunga. Simu haikuwa imelia. Myrofora alilitambua hilo nusu dakika baadaye, aliposikia injini ya gari ikiwaka uani.

Aliinuka nusu. "Loukis?"

Gari likaondoka bila haraka.

Akageukia kompyuta. Ukurasa wa kuidhinisha ulikuwa umefunguka. Alitafuta ile milioni nne na laki mbili kwenye orodha ya zinazosubiri. Haikuwepo. Akafungua orodha ya zilizokwisha pita.

Ilikuwepo pale. Ilipita Jumamosi, saa nne na nusu asubuhi.

Nani aliyeidhinisha? Namba ya mtumishi ilikuwa ya kwake.

Jumamosi saa nne na nusu alikuwa jikoni kwake akisikiliza habari za kufungwa kwa benki, sufuria ya dengu ikiungua bila yeye kuisikia.

Chini ya ile kulikuwa na nyingine. Jumapili. Nyingine, Jumatatu, sikukuu, nchi nzima iko mashambani inakula zeituni na mboga. Jumanne mbili. Jana moja. Sita kwa jumla, makampuni ya majina mazuri, na kila moja imeidhinishwa na yeye, yeye, yeye.

Alikumbuka sasa. Mwezi uliopita Loukis alipita matawi yote na bahasha. Kila naibu aandike namba yake ya siri, aifunge, ihifadhiwe ofisi ya kanda, endapo mtu ataugua. Aliandika. Alimpa mkononi, wakaongea habari za watoto.

Kwa hiyo namba yake Loukis alikuwa nayo tayari. Hakuhitaji hata kadi. Wenzake walikwisha maliza kazi wakiwa wamekaa mahali pengine. Alichokuwa hana mpaka asubuhi ya leo ni kitu kimoja tu, picha ya Myrofora akiwa ameketi kwenye kiti hiki, kadi yake ndani ya mashine, siku ambayo benki zimefungwa.

Akainua macho kwenye kamera. Ile taa nyekundu ilikuwa inamtazama.

"Zimekwenda?" baba yake akauliza kutoka kitini.

"Baba, nyamaza kidogo."

"Nauliza tu kama zimekwenda."

Alirudi kwenye zinazosubiri. Kulikuwa na moja. Hambis Savva, euro 287,000, imeingizwa leo, imeidhinishwa leo, saa nne na dakika hamsini na mbili. Wakati huo yeye alikuwa anapachika masanduku ya noti nyuma ya ATM, na baba yake alikuwa bado hajaishika kalamu. Itaondoka saa sita kamili.

Akabonyeza kuona mpokeaji.

Hakuwa mpwa wa Uingereza. Haikuwa akaunti ya mzee. Jina la mwenye akaunti ya ng'ambo lilikuwa Myrofora Savva, jina lake la usichana, pamoja na namba ya pasi yake ya kusafiria.

Sasa picha nzima ilikuwa wazi, na ilikuwa nzuri kama picha ya mchoraji. Ofisa wa benki anawatoroshea matajiri pesa kwa siku tano, na mwisho kabisa anajilipa kwa akiba ya baba yake mzee. Nani angeuliza zaidi? Nani, katika wiki hii, angekuwa na subira ya kuuliza zaidi?

Na ile fomu ya pekee inayoonyesha kwamba mzee alikubali, ilikuwa ndani ya mkoba wa Loukis.

Saa ya ukutani ilisema saa tano na dakika arobaini na nne. Chini ya skrini kulikuwa na kitufe kimoja cha rangi ya chungwa: FUTA.

"Baba, nisikilize. Loukis ametudanganya. Pesa zako zinakwenda kwenye akaunti yenye jina langu, akaunti ambayo sikuifungua. Zikitoka, mimi ni mwizi. Inabidi nizirudishe sasa hivi."

Mzee Hambis akainuka. Akaja mpaka nyuma ya kiti, akainama, akasoma polepole, midomo ikitembea.

"Ni jina lako," akasema.

"Ndiyo."

"Basi ziko nyumbani."

"Baba, hujanielewa. Ni polisi. Ni jela."

"Nimekuelewa." Kope zilikuwa zimelowa. "Jela watu hutoka, Myro. Mwalimu Photis alifungwa miaka mitatu akatoka, akaozesha binti zake. Ekari zangu hazitatoka."

Myrofora akamtazama kama hajawahi kumwona. Kisha akapeleka kidole kwenye kitufe.

Mkono wa mzee ukamshika kifundo. Ulikuwa mkono wa mtu aliyepogoa miti miaka sitini, na hofu ilikuwa imeuongezea nguvu. Hawakupigana. Walibaki hivyo tu, baba na binti, pumzi zao zikigongana, dakika ya arobaini na tano, ya arobaini na sita. Huko mbele mashine ilihesabu noti. Mtu mmoja alikuwa akimwuliza Pambos kama kesho watatoa mia tu.

"Niachie," Myrofora akanong'ona. "Kamera inatuona."

"Na ituone."

Alijivuta. Kidole kikagusa skrini. Yakatokea maandishi: Una uhakika unataka kufuta?

"Ondoa mkono hapo, mama."

Sauti hiyo haikuwa ya baba yake. Mlango wa pembeni ulikuwa wazi, na Pambos amesimama kando yake, rangi imemtoka. Mwanamke wa makamo mwenye miwani aliingia, kitambulisho cha benki kuu kikining'inia shingoni. Nyuma yake aliingia mwanamume asiye na sare ambaye hakuhitaji sare ili mtu ajue ni polisi.

"Naitwa Theognosia Pittaka, ukaguzi, Nicosia," mwanamke alisema. "Tumepigiwa simu saa moja iliyopita kwamba humu kuna mtu anahamisha fedha. Nimekuta mtu anafuta. Ondoa mkono."

Myrofora akauondoa. Ulibaki hewani, haujui pa kwenda.

"Si mimi. Mashine ina jina langu, lakini si mimi. Loukis Zavros, meneja wa kanda, alikuwa hapa sasa hivi. Muulizeni mlinzi."

Macho yote yakamgeukia Pambos.

"Mimi nilimfungulia mzee mlango tu, nikarudi mbele," Pambos akasema kwa shida. "Sikumwona mtu, mama Myro. Haki ya Mungu nilikuwa na foleni."

"Kamera," Myrofora alisema. "Kamera imemwona."

Yule mwanamume akapiga hatua mpaka chini ya kamera, akaitazama. "Inaonyesha pembe hii ya kompyuta tu," akasema. "Na kiti."

Bi Theognosia alikuwa ameshasoma skrini. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Alipozungumza alizungumza na mzee, kwa upole, kama mtu anayezungumza na mgonjwa.

"Mzee wangu, wewe ndiye Hambis Savva?"

"Ndimi."

"Hizi pesa zako zinahamishwa kwenda kwenye akaunti ya binti yako nje ya nchi. Hakuna fomu yoyote hapa yenye sahihi yako. Nataka unijibu neno moja tu, na ufikiri vizuri. Je, wewe ulimruhusu?"

Myrofora akamgeukia baba yake. Sema ndiyo, alimwomba kwa macho. Sema ulitia sahihi. Sema aliichukua Loukis.

Mzee Hambis alisimama wima kadiri mgongo ulivyomruhusu. Alimtazama yule mtu asiye na sare, kisha akatazama mikono yake mwenyewe. Tangu vita alijua jambo moja kuhusu watu wanaoingia na vitambulisho: usikubali kitu, usijue kitu, hujatia sahihi popote.

"Hapana," akasema kwa sauti kubwa na thabiti. "Sikumruhusu mtu. Mimi sijui chochote."

Kisha akamgeukia binti yake, akamtikisia kichwa kidogo, usoni akiwa na utulivu wa mtu ambaye, safari hii, amepakia trekta mapema.